Safu ya Sababu

Daftari la matukio lina safu nne:
jina, saa, mahali, sababu.
Ya mwisho ni nyembamba kuliko kidole gumba.

Nkwimba binti Lushinge.
Saa tisa na robo usiku.
Kati ya kitanda na mlango.
Kwenye sababu niliandika: sakafu, maji.

Si uongo. Bati linavuja juu ya kitanda cha tatu,
na ile rangi nyekundu tuliyoisugua kwa ajili ya wageni
inaniangusha hata mimi, mwenye magoti ya miaka thelathini.
Taa ya koridoni imekufa tangu Pasaka.
Kandambili zake, za msaada, zote mbili za kushoto.

Lakini zamu ilikuwa yangu.
Niliisikia mvua ikitoka ziwani, ikipanda mawe ya Igombe,
ikaanza juu ya bati kama mtu anayemwaga choroko,
na kabla sijainuka kitini
nikasikia sauti yake, si ya kilio, ya amri:
"Anueni! Dagaa wanalowa! Anueni!"

Kisha mshindo.
Mdogo. Ungedhani mto umedondoka.

Miaka arobaini alianika dagaa kwenye mchanga ule,
akamsomesha Misoji, akamzika Misoji,
na wingu halikuwahi kumtangulia.
Usiku ule lilimtangulia hatua mbili.

Bugando walisema nyonga.
Daktari kijana akauliza: "Bibi, ulikuwa unakwenda wapi?"
Akamtazama kama unavyomtazama mtu wa kuja,
asiyejua mvua ina maana gani.
"Kazini," akasema.

Amerudi. Anajifunza fremu ya chuma, anaitukana kwa Kisukuma.
Taa imebadilishwa. Bati bado.
Msimamizi alitaka kitanda kizungushiwe vyuma;
nikamwambia, huyu atavipanda,
na mwenye kuanguka kutoka juu huanguka mara mbili.

Sasa mawingu yakijikusanya upande wa Ukerewe
nahamishia kiti changu ubavuni pake.
Tone la kwanza likigonga, macho yanafunguka.
Namshika mkono, nawahi kusema:
"Tumeshaanua, bibi. Wote wako ndani."
"Na turubai?"
"Na turubai."

Haniamini hivi hivi. Huvivuta vidole vyangu puani,
avinuse kimoja kimoja.

Ndiyo maana masika haya, kabla ya zamu,
napitia Mwaloni, nanunua dagaa wa mia tano,
nawafikicha viganjani.
Sinawi.