Ufuko wa Matofali

Jumapili, Buenos Aires, baridi ya Julai imekaza meno.
Shangazi Nélida amevaa raba za mwanangu
("zinanitosha, ninunue nyingine za nini?")
na mfuko wa kitambaa kwapani, mtupu.

Tumetoka kwenye treni ya chini ya ardhi, tukavuka reli
ambayo haijui tena inakwenda wapi,
na ghafla maji: mabwawa manne yamepanga foleni,
na maghala ya matofali mekundu
yaliyokuwa yakimeza ngano,
sasa yanameza wageni, na visu na uma zao.

Nasoma bei ya nyama kwenye kibao cha mgahawa.
Narudia, nikidhani nukta imekosewa.
Shangazi hasomi. Anazitazama kreni za zamani,
zimepakwa manjano, zimesimama shingo juu,
kulabu tupu.
"Hizi," anasema, "zimestaafu vizuri kuliko mimi."

Mitaa yote huku ina majina ya wanawake.
Anayatamka, moja baada ya jingine,
kama mwalimu anayeita mahudhurio,
kila jina analipa nafasi kidogo,
huenda mtu akaitikia "nipo!"
kutoka roshani ya ghorofa ya thelathini.
Haitikii mtu.
Anapita kijana na mbwa saba,
mmoja kavaa koti zuri kuliko langu.

Minara ya kioo: mawingu yanaingia na kutoka bila hodi.
Bawabu amekuja nje kuvuta sigara.
Anatwambia vyumba vingi juu ni giza mwaka mzima,
wenyewe wamenunua, hawajaja.
Pesa zao ndizo zinazoishi humo.
"Zinalala pazuri," anajibu Shangazi.
Bawabu anacheka, moshi unampalia.

Mimi nilidhani tumekuja kutembea.
Lakini yeye hageuki darajani
walipo maharusi wanaotetemeka mbele ya kamera;
anaipita minara, anapita vibanda vya soseji,
anaingia geti la hifadhi, njia ya vumbi,
manyasi yenye mikia myeupe yakitupita kimo,
mpaka mtoni.

Mto wa Fedha, ndivyo wanavyouita.
Rangi yake chai ya maziwa iliyopoa,
na ng'ambo haionekani.
Ufukweni hakuna mchanga.
Matofali,
matofali na vipande vya zege, marumaru ya ngazi za watu,
yamelambwa na maji hadi yakawa mviringo kama viazi.

"Barabara kuu ilitaka kupita jikoni kwetu," anasema.
Enzi za magwanda. Nani angebisha?
Barua ikaja, kisha tingatinga, kisha malori,
nyumba na jirani zake wakamwagwa hapa.
Juu ya kifusi nyasi zikaota, hazikutumwa na mtu.
Ndege wakafuata.
Anasimulia huku ameinama,
sauti yake naisikia kutoka magotini.

Anatafuta kigae. Kijani, kina ua la njano,
na ufa mahali mama yake alipoangusha sufuria
siku redio ilipotangaza jambo
ambalo hataki kunieleza.

Namwokotea chenye nusu jani la buluu.
"Ndicho?"
"Sicho."
Anakipangusa kwa leso, anakitia mfukoni.
Cheupe. Sicho. Anakitia.
Chekundu chenye mstari: sicho, sicho kabisa. Anakitia.
"Ni vya jikoni kwa mtu," anasema,
kana kwamba nimebisha.

Tunarudi kwa hatua za mzigo,
mfuko tumeushika kila mtu mkono wake,
vigae vinagongana kama vyombo vinavyooshwa.
Taa zinawaka minarani, chache.
Nahesabu kumi na moja, napoteza hesabu, naacha.

Bawabu bado yuko mlangoni.
"Mmebeba nini, mama?"

Shangazi anautua mfuko juu ya sakafu yake inayong'aa,
anapumua.

"Jiko," anamwambia.
"Limebaki sinki."