Gari Lililokaa Eda

Bi Ruzuna alipiga simu mara tu baada ya alfajiri,
Kiswahili chake cha Ng'ambo, kisicho na haraka:
"Fundi, gari halitaki. Nabonyeza, linanitazama tu."

Nikamchukua Shaji, mita, bisibisi mbili,
chupa nne za maji yaliyoganda,
tukatoka sanaiya ya Mabela kwenda Khoudh.
Agosti imekaa juu ya lami kama kikaango.

Nissan la kijivu, umri wake miaka kumi na sita,
chini ya kibanda cha bati, ubavuni mwa tangi.
Vumbi kwenye kioo laini kama bizari,
na mtoto ameandika jina lake kwa kidole: Wadhah.
Hakuna aliyelifuta.

"Miezi minne na siku kumi," akasema.
"Mimi ndani, lenyewe nje.
Alikuwa halipi mtu hili, marehemu. Hata mimi."

Usukani umeganda. Nikauvuta kushoto, kulia:
chuma kimeng'ata chuma, hakitoi hata upana wa ukucha.
Kitufe, kimya.
Taa ya ufunguo, ya manjano, ikawaka, ikazima, ikawaka,
kama mtu mwenye neno mbele ya wageni.

Nilianza na betri, kwa kuwa betri husingiziwa kwanza
na aghalabu kwa haki. Volti kumi na moja nukta mbili.
Tukaliazima moto wa pikapu letu.
Taa ya darini iking'aa, usukani ule ule.

Kibetri cha rimoti, tukabadilisha.
Fyuzi, nzima.
Nikalala chali chini ya dashibodi, jasho likinijaa masikioni,
nikagusa waya wa kufuli kwa ncha ya mita:
kumi na mbili na nusu.
Basi umeme unafika mlangoni. Aliye ndani ndiye haamki.

Ndani ya kufuli mna mota, kidole gumba kinaishinda,
na brashi za kaboni zilizolika, na ulimi wa chuma
uliokwama kwa sababu siku moja, nguvu zikiwa chache,
ulianza safari usiimalize.

Nikamwambia Shaji abonyeze nikihesabu, kwa Kiarabu,
ndicho tunachokutania mimi na yeye.
Nikageuza bisibisi, mpini mbele.
Huku si kupiga. Ni kubisha.
Wahid. Tak.
Wahid. Tak.
Wahid. Tak.
Tulivyofunzwa, hodi ni tatu; usipojibiwa, geuka urudi.
Nilibisha ya nne.

Kikalia kitu, *krr*, kama fundo kooni,
na redio ikalipuka uwanja mzima
kwa sauti aliyoiacha mzee wa sikio moja:
hali ya hewa, upepo wa wastani, Sur na Masira.
Nikanyoosha mkono niipunguze.
"Iache," akasema.

Nikamweleza: likifunga tena, Bi Ruzuna, siliwekei dhamana.
Kwa wakala ni kubadili lote, riali mia mbili na ushei.
Ama nichomoe waya sasa hivi, ulimi ukiwa umerudi ndani,
libaki wazi maisha yake yaliyobaki.

"Na mwizi?"

"Mwizi wa hili atagonga mlango wako akuombe umsukumie."

Akacheka, kisha akajishika mdomo,
akatazama ukuta wa jirani, akacheka tena.
Nikachomoa.

Alipoketi, miguu haikufika. Kiti kilikuwa nyuma mno,
kimepimwa kwa mapaja ya mtu mrefu.
Akakaa hivyo hivyo dakika nzima, ukingoni,
kama mgeni. Kisha akainama, akapapasa, akavuta,
na kiti kikaja mbele kikikwaruza mchanga.

Hakwenda popote.
Aliuzungusha usukani kushoto mpaka mwisho,
kulia mpaka mwisho,
kushoto.

Mimi na Shaji tukawa tunatafuta bisibisi ya pili,
iliyokuwa mkononi mwangu.