Uma wa Mahindi

Cedar Rapids, zamu ya usiku.
Mabehewa yanamwaga mahindi ya njano
yasiyojua sufuria wala mwiko.
Tunayasaga, tunayatoa sukari,
tunawalisha vijidudu ndani ya mapipa ya chuma,
nao wanakula, wanatema uchachu
kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni.
Arlys husoma vipimo, mimi hufungua vali.
Alfajiri hutoka punje tena,
ila nyeupe, ngumu, zisizo na kiini.
Ukizipanda, hazioti.

Shangazi Nambuya, kutoka Kitale,
alicheka simuni hadi akakohoa:
"Mahindi mnayageuza uma?
Na uma huo mtalia nini?"
Nikamwambia, shangazi,
huu haukuchimbwa kisimani kwa mtu,
ulitoka shambani, utarudi udongoni.

Novemba nikaufukia mmoja nyuma ya nyumba.
Theluji ikaja, ikakaa, ikachoka, ikaenda.
Aprili nikafukua:
meno yote manne,
unang'aa kama jana.

Arlys hakushangaa.
"Unataka joto la tanuri," akasema,
"siyo kijibustani chako."

Nikatazama udongo chini ya kucha zangu.
Nikauosha ule uma,
nikalia wali.