Nta ya Sikonge

Usianze na kitambaa. Vumbi la Kiloleni
ni msasa uliosagwa; ukilipangusa kavu
limekuchorea ramani ya mikwaruzo hadi Urambo.
Anza na unyoya wa jogoo, mkono mwepesi,
kama unayefukuza nzi usoni mwa mtoto aliyelala.
Kisha maji, kivulini, ndoo mbili.
Sabuni iwe ya kuogeshea watoto. Ya vyombo
huvua kila kitu, hadi aibu.

Gari langu halina paa. Wapitao huniuliza
paa liko wapi, kana kwamba nimelidondosha njiani.
Halikuwahi kuwapo. Injini ni ya Datsun
iliyofia kwenye tumbaku,
fremu ni mninga, niliuranda mwenyewe miaka minne,
mabati niliyanyoosha juu ya mfuko wa mchanga
usiku, majirani wakigonga ukuta.
Viti viwili. Namba ya usajili hakuna:
afisa aliangalia kitabu chake, akaangalia gari,
akafunga kitabu.
"Mzee Luhende," akasema, "hiki ni kitu."

Basi ni kitu. Jumapili tunatoka nacho
trafiki hawajapiga mswaki,
mimi na Nzigula, kilemba kafunga mara mbili,
hadi relini na kurudi.

Mchwa nimewapakia oili chafu chini ya mbao.
Kutu naisaka kwenye maungio, kwa ukucha.
Kuku wa Mama Sizya sijampatia dawa:
anaamini kiti cha kushoto ni chake.
Ilibaki mvua.

Dukani kopo la nta lilikuwa bei ya debe la mchele.
Nzigula akacheka mpaka akakaa chini:
"Mtu wa Tabora anunue nta dukani?"
Nduguye Kapaya, mrina asali wa Sikonge,
akatuma bonge la njano kwa basi,
zito, ndani yake mguu mmoja wa nyuki.

Nikaiyeyusha, sufuria ndani ya sufuria,
nikatia tapentaini, nikangoja igande kama samli.
Nikapaka kwa viduara, boneti, madigadi, milango,
nikapaka na turubai.
Nikang'arisha kwa kanga kuukuu ya Nzigula
ambayo maandishi yake yamefutika,
yamebaki herufi tatu: *usi*

Saa nne wakaja.
Kwanza mmoja, kama mkaguzi. Akazunguka, akaondoka.
Kisha ua mzima ukanguruma
na usukani ukaota ndevu.

Waliosema fuata nyuki ule asali
hawakusema nyuki wakikufuata wewe, ule nini.

Nikampigia Kapaya. "Usiwatie moshi," akasema.
"Hukuichuja vizuri. Wamesikia harufu ya kwao."
Nikavuta kigoda, nikakaa mbali.
Siku ya kwanza. Ya pili.
Kuku wa Mama Sizya akahamia kwingine.

Siku ya tatu, mvua ya kwanza ya Novemba,
na turubai nimelishika mkononi,
na nani angethubutu kulifunika?
Nikasimama barazani nikitazama.
Boneti haikunywa hata tone. Maji yalijikusanya
shanga, shanga, yakabiringika, yakaanguka.
Nilipiga kelele. Nzigula alidhani nimeumwa.

Viti vililowa, hilo siwezi kuficha.
Lakini pale usukanini, nyuki walikuwa wamejibana,
mbawa zimelala upande mmoja kama makuti,
kila mmoja paa la mwenzake.

Walihama alfajiri, bila kuaga.
Chini ya dashibodi wakaacha sega,
jeupe, tupu, dogo kama sikio la mtoto.
Nilikwenda na bisibisi.
Nzigula akanishika mkono, hakusema neno.

Ninaosha gari lote, kila Jumamosi.
Pale sioshi.
Pale ni unyoya tu.