Pamba ya Bega

Nilimpima mimi, Ngamiani, Barabara ya Saba:
kifua inchi arobaini, bega la kulia limeshuka.
"Bunduki," akasema Sajini Semkiwa,
"miaka sita, Abisinia hadi Burma."
Nikatia pamba, suti ikae sawa
siku ya kukabidhiwa boma.

Kesho yake wakata mkonge walijipanga barazani,
kofia mkononi, visigino pamoja,
kama walivyozoea mbele ya meneja.
Nami nilisimama nyuma, naangalia mshono.
Akatoka. Akawatazama sana.
"Mguu pande," akasema, kwa sauti ya chini.
Hakuna aliyecheka.
Mmoja akakohoa, akaanza: posho, tangu Machi.

Jioni akaniletea koti.
"Fumua, Mhina. Toa hiyo pamba.
Waone bega."

Shilingi zangu thelathini hakuzitaja.