Nazi Juu ya Bati

Somo yangu, Bi Mize wa Wingwi,
alinifunda siku saba mlango umefungwa:
asumini ichumwe alasiri, ingali tumba,
ifumbuke yenyewe usiku juu ya mto;
nguo zifukizwe udi;
mume akirudi safari, usimpokee kwa maswali.

Hakunifunda
mume anayerudi nusu.

Shaame karudi kutoka Kongo na begi la kijani,
medali moja, na manukato ya uwanja wa ndege.
Usiku ule nilifukiza.
Moshi ulipompata mlangoni alirudi kinyumenyume
hadi uani, akatapika penye mbilimbi.
"Nyumba zilinuka hivi." Basi.
Sikuuliza nyumba zipi.
Chetezo sasa natilia mbegu za mchicha.

Tangu hapo nimekuwa somo ya nafsi yangu:
asiamshwe kwa mkono, aamshwe kwa jina,
nami nimesimama mlangoni, taa inawaka;
nisimkumbatie kwa nyuma akinawa;
bangili nizivue kabla ya kulala, zina mlio.
Yeye hulala chini, mgongo ukutani,
mie juu ya samadari kama mgeni wa heshima.
Mamaake hunitazama tumbo, kisha hutazama kalenda.
Nasema, Mungu hajajaalia.

Juzi, saa nane za usiku, nazi iliangukia bati.

Sikuisikia ikibingirika. Alikuwa
keshanivuta sakafuni, keshanilalia mwili mzima,
kiganja juu ya kinywa changu,
akinong'ona namba, namba, halafu
"Deogratias, usiinue kichwa."
Moyo wake ulinitwanga mbavuni.
Miezi saba.
Mungu anisamehe, niliufurahia uzito wake.
Nilikuwa Deogratias, na nilifurahi.

Pumzi ikamrudi. Akanijua.
Akataka kujitoa kama aliyekutwa akiiba.
Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya mlangoni,
"Shaame. Ni nazi.
Ni nazi, na kesho utaikuna mwenyewe."
Kitu kikamtoka, kicheko kisichokomaa.
Hakuondoka. Hakunigusa zaidi.
Tulilala pale chini bega kwa bega
mpaka ubaridi wa saruji ukatuingia mifupani.

Asubuhi nikamkuta jikoni,
amekalia mbuzi, anakuna,
mgongo ameupa mlango.

Nilirudi chumbani kwanza.
Nikavaa bangili, zote sita,
ndipo nikamwendea, anisikie nakuja.