Kibaba cha Januari

Maji yatajaa saa tatu na dakika arobaini na mbili,
alisema Foekje, na bahari haijawahi kumwaibisha.
Tukapanda tuta kwa miguu minne na fimbo moja,
kondoo wakitupisha shingo upande,
nyasi zilizoganda zikivunjika chini ya buti
kama vigae.

Nyuma yetu Frisia, bapa kama sinia:
mnara wa kanisa, trekta moja, moshi.
Mbele yetu tope lisilo na mwisho
likimezwa kidogo kidogo
na maji ya rangi ya risasi.
Na juu ya tope, wao.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Wiki nzima, wodi ya figo kule Leeuwarden,
nahesabu matone, dakika, gramu za chumvi,
maji aliyokuja nayo mzee Haitsma
na maji aliyotuachia.
Foekje aliponiomba Jumamosi yangu
nilicheka: hata siku ya mapumziko?
Akanitundikia darubini shingoni
kama anayemvisha mtu nishani asiyoistahili.

"Usiwahesabu wote, utarukwa na akili.
Hesabu kumi. Kwa haki, mmoja mmoja.
Kisha kumi hiyo iwe kibaba chako,
upimie kundi zima."

Basi nikapima.
Bata bukini, vibaba thelathini, wakizozana
ugomvi ule ule wa ukoo wa mwaka jana.
Sululu arobaini na saba: hao niliwahesabu kweli,
maana kila mmoja alisimama na upweke wake
na mdomo ule mrefu uliopinda,
kama aliyeanza sentensi akaghairi.
Kisha vitwitwi, wamesongamana ukingoni mwa maji,
mguu mmoja chini, wa pili wameufutika manyoyani
kama pesa ya nauli.

Vidole vilikwisha kufa. Chozi la upepo
liligandia kwenye kioo.
Nilikuwa kibaba cha mia nne na thelathini
na ushei
kozi alipokuja.

Sikumwona. Niliona tope likinyanyuka.
Niliona shuka moja kubwa ikikung'utwa,
nyeupe, kisha kijivu, kisha nyeupe,
na sauti, si ya mbawa, ya mvua
inayoanzia kwenye bati la jirani.
Kibaba changu chote kikamwagika juu.

"Anza upya," akasema Foekje, akimimina supu ya njegere
bila kuinua macho. Kisha akainua.
Tukatazama, vikombe vikipoa.
Kozi akaondoka na mmoja.
"Nitoe moja?"
"Toa moja," akasema, wala hakuwa akitania.

Safari hii: elfu tatu na mia tisa.
Ipi ya kweli? Alikata ya kwanza, akaandika ya pili,
mbele yake akaweka neno "takriban"
kwa herufi ndogo kama chawa.

Chini kabisa kwenye fomu palibaki kisanduku:
kipozamataza wa pwani.
Miaka kumi na miwili hajaonekana hapa.
"Niache wazi?" nikauliza.
"Wazi ni kutotazama.
Sifuri lazima itafutwe."

Tukaenda kuitafuta, mpaka lango bovu la maji,
yeye na goti lake, mimi na usingizi wangu.
Tulipekua mwani kwa macho, hatua kwa hatua.
Kreti ya samaki. Glavu ya mkono wa kushoto.
Kitu kilichoruka, tukashika pumzi,
kumbe ni mfuko wa plastiki.
Ndipo akaiandika, mviringo, nyeusi,
akaipuliza ikauke
ingawa ilikuwa kalamu ya risasi.

Jumatatu mzee Haitsma, mirija mkononi,
aliniuliza walikuwa wangapi.
Nikamwambia: elfu tatu na mia tisa, takriban, toa moja.
Akafumba macho. Nikadhani analala.
"Enzi zetu," akasema, "hatukuwahesabu.
Tuliwala."
Akacheka mpaka mashine ikapiga king'ora.